UZI: Mizozo na msongo wa kazualti – inchaji afanye nini, saa ngapi, kwa dakika ngapi

#1 MlimaMenengai (Nakuru)

Habari zenu wenzangu wa kazualti (idara ya dharura), wa Nakuru hapa na wa kule chini Kericho, Kisumu, Kakamega hadi Busia.

Semina za msongo zimekuwa nyingi. Wauguzi wanaketishwa ukumbini, wanafundishwa kuvuta pumzi ndefu, wanakunywa soda, na Jumatatu wanaikuta rota ile ile iliyowachosha. Kuvuta pumzi kunasaidia, sikatai. Lakini msongo wa kazualti una vyanzo unavyoweza kuvionyesha kwa kidole, na vingi vinaweza kurekebishwa na inchaji (muuguzi msimamizi wa idara) mwenyewe bila kungoja bajeti ya kaunti. Huo ndio mjadala ninaoutaka, tena kwa undani.

Msingi kwanza. Mwaka 1979 Robert Karasek alieleza kwamba kazi humuumiza mtu pale inapomdai mengi huku ikimpa nafasi ndogo ya kuamua. Mwaka 1988 Johnson na Hall wakaongeza kipimo cha tatu: msaada. Vipeleke vitatu hivyo kazualti. Madai hatuyashiki sisi. Lori likipoteza breki kwenye mteremko wa Salgaa halitaulizia mko wangapi kwenye zamu. Nafasi ya kuamua nayo ni finyu, kwa sababu dawa inaandikwa na mwingine na kitanda kinatolewa na mwingine. Kilichobaki mikononi mwetu ni msaada. Na msaada wa wenzako kwa kawaida upo, watu wa kazualti hushikana. Unaokosekana ni wa mkubwa. Muuguzi akijua kwamba inchaji atashuka akiitwa, atasimama upande wake jamaa wakipiga kelele, na hatamgeuka kesho yake mkutanoni, anabeba mzigo mzito bila kuvunjika. Asipokuwa na uhakika huo, hata zamu nyepesi inamla.

Wanaosema ni udhaifu wa mtu binafsi, wasome Shirika la Afya Duniani lilivyoandika kwenye ICD-11, orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na matatizo ya afya: uchovu wa kazi unatokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukusimamiwa vizuri. Dalili zake ni tatu: nguvu kuisha, moyo kuwa baridi kwa kazi yenyewe, na kujiona hufanyi lolote la maana. Ule ubaridi ndio tunaouona kwanza. Muuguzi anaanza kumwita mgonjwa "ile fracture ya kitanda cha 4".

Sasa mizozo. Ukifuatilia ugomvi wa mwezi mzima kwenye kazualti yoyote utakuta mwingi umezaliwa sehemu chache tu. Naanza na kukabidhiana zamu, kwa sababu hapo ndipo urafiki wa miaka huvunjika.

Kosa la kwanza limo kwenye rota. Zamu ya usiku inaisha saa 1:30 asubuhi na ya asubuhi inaanza saa 1:30. Maana yake hakuna hata dakika moja ya kukabidhiana iliyolipiwa. Ama anayetoka anaiba muda wake wa kulala, ama anayeingia anapokea wagonjwa asiowajua. Piga hesabu: wagonjwa 12 walio vitandani, kila mmoja sekunde 75, hizo ni dakika 15. Ongeza kuhesabu dawa za kufungiwa na kukagua toroli ya dharura, unafika 25. Kwa hiyo zamu zipishane kwa dakika 30 kwenye karatasi, na zihesabiwe ndani ya saa za kazi. Zamu ya jioni ndiyo yenye shida zaidi, kwa kuwa anayetoka anawaza matatu ya mwisho. Ukiona mtu anakabidhi huku mkoba uko begani, tazama saa kabla hujatazama tabia yake.

Kosa la pili ni kukabidhiana mezani. Nendeni kitandani, mkianza na wekundu, yaani walio hatarini zaidi. Anayekabidhi ataje jina na kitanda, rangi ya triaji (upangaji wa wagonjwa kwa uzito wa hali), kilichomleta, kilichofanywa na saa yake, kinachosubiriwa, na kinachomtia hofu yeye kama muuguzi. Halafu ataje deni. Nasema deni kwa makusudi: sampuli ya damu haijapelekwa maabara, dripu imetoka, kidonda hakijafungwa. Lisemwe wazi, "Nina madeni mawili kwa mgonjwa huyu," anayepokea akubali, liandikwe. Muuguzi hakasiriki kwa kuachiwa kazi; kila zamu huachia nyingine kazi. Anakasirika akiigundua saa 3 asubuhi huku daktari amesimama juu yake anauliza matokeo ya damu yako wapi.

Wengine ongezeni.

#2 NyarAhero (Kisumu)

Asante kwa kufungua uzi huu, ndugu. Umetaja kukabidhiana, mimi naweka mezani wagonjwa waliolazwa kwa karatasi tu. Daktari ameandika "alazwe wodi ya wanaume" saa 5 asubuhi, saa 12 jioni mgonjwa bado yuko kwenye machela kazualti. Hapo kuna ugomvi wa aina mbili.

Wa kwanza ni wa simu kati ya muuguzi wa kazualti na wa wodi. Wote wawili wana cheo kimoja na hakuna kati yao anayeweza kuzaa kitanda. Watabishana hadi kesho. Utaratibu unaofaa ni huu: ndani ya dakika 5 za kuandikwa kulazwa, kazualti inapiga simu na kuandika saa pamoja na jina la aliyepokea. Ripoti inatolewa kwa mpangilio: hali ya sasa, historia fupi, tathmini yako, ombi lako. Kama jibu ni "hakuna kitanda", muuguzi hajibizani. Anaandika jibu na saa. Dakika ya 30 ikifika, kazi inahamia kwa supavaiza wa zamu. Dakika ya 60, kwa meneja wa uuguzi aliye zamu ya simu. Hiyo ngazi ibandikwe kando ya simu pamoja na namba. Mzozo ukiwekewa ngazi, hauhitaji tena sauti ya juu.

Ugomvi wa pili ni wa dozi, na huu unaua. Mgonjwa ameandikiwa benzylpenicillin kila saa 6. Kazualti imetoa ya kwanza saa 5 asubuhi. Ya saa 11 jioni ni ya nani? Kazualti inasema mgonjwa ni wa wodi, wodi inasema bado hajafika. Dozi inapita, kesho lawama zinatupwa huku na huku. Kanuni iwe moja na isiwe na mjadala: mgonjwa ni wa mahali mwili wake ulipo. Na hapohapo inchaji atambue mzigo huo kwenye mgao. Wakiwa watano au zaidi wa namna hii, awepo muuguzi mmoja mwenye jina lake ubaoni anayewashughulikia wao tu, asiguse triaji. Kama hakuna wa kutosha, supavaiza aombe wodi imtume mmoja ashuke. Wodi inamkubali kwa uzito kidogo mwanzoni, lakini inaona haraka kwamba ni rahisi kumtunza mgonjwa wao akiwa na karatasi zilizo sawa kuliko kumpokea usiku akiwa amekosa dozi mbili.

#3 SistaMpyaKK (Kakamega)

Shikamooni wakubwa. Nauliza kuhusu wanaoanza kazi. Muuguzi mpya akikaripiwa mbele ya mgonjwa na jamaa zake na muuguzi mkongwe, afanye nini papo hapo? Na akiona daktari anaelekea kukosea dawa, aseme vipi bila kuonekana mkaidi?

#4 ZamuNneNne (Eldoret)

Marahaba mdogo wangu. Maswali mawili tofauti, usiyachanganye.

La kukaripiwa. Mwaka 2004 muuguzi mtafiti Martha Griffin alichapisha kazi aliyoifanya Boston na wauguzi wapya. Aliwafundisha namna za unyanyasaji wa wenzao, kusengenya, kukunja uso, kuficha habari, kudhalilisha mbele za watu, na kwa kila moja akawapa sentensi ya kujibu iliyoandikwa kwenye kadi ndogo wanayotembea nayo pamoja na kitambulisho. Siri yake ni mazoezi. Ukidhalilishwa, kichwa kinaganda. Sentensi uliyoitamka mara 20 ukiwa umetulia ndiyo inayotoka. Zako ziwe za Kiswahili cha kawaida na zisiwe na kisasi:

"Sista, naomba tuzungumze hilo pembeni baada ya kumaliza na mgonjwa."

"Nimeona umekunja uso. Kama kuna nilichokosea niambie moja kwa moja, nataka kujifunza."

"Sikupewa habari hiyo wakati wa kukabidhiana. Nieleze sasa, niandike."

Zamu ikiisha umfuate kweli, usiiache ipite. Mkiwa wawili, taja kitendo, saa, na athari yake kwa kazi. Usitaje tabia yake, kwa sababu "wewe una dharau" hakuna anayeikubali, lakini "uliponiambia mbele ya mama yule kwamba sijui kutafuta mshipa, alikataa nisimguse mtoto wake tena" ni jambo lililotokea na linajibika. Likirudiwa mara ya pili, peleka kwa inchaji likiwa na tarehe. Inchaji naye asiwaite wote wawili chumba kimoja siku ya kwanza. Amsikilize kila mmoja peke yake, kisha awakutanishe.

La daktari. Tumia ngazi tatu, kila moja ikiwa nzito kuliko iliyotangulia. "Daktari, nina wasiwasi na dozi hii." Akiendelea: "Sijaridhika, mtoto ana kilo 9." Akiendelea bado: "Hili ni suala la usalama wa mgonjwa, naomba tusimame tuhesabu upya." Ngazi ya tatu iwe imekubaliwa na idara nzima mapema, madaktari wakiwemo, kwamba ikisemwa kila mkono unasimama. Bila makubaliano hayo, muuguzi atakayeitamka anaachwa peke yake. Ni kazi ya inchaji na mkuu wa idara kukaa pamoja wakaiweka sahihi.

Na kwenye chumba cha wekundu, kila agizo lirudishwe kwa sauti. Kiongozi: "Adrenalini, miligramu 1, mshipani." Muuguzi: "Adrenalini miligramu 1 mshipani, navuta." Kisha: "Imeingia, saa 2 na dakika 14." Karani wa tukio anaandika. Ugomvi mwingi wa baada ya kifo, nani alichelewesha nini, hauna pa kusimama kama saa zote zimeandikwa.

#5 KandoYaNzoia (Bungoma)

Mazungumzo mazuri, ila mmeruka lililo zito. Mtoto akifia mikononi mwa timu, au ajali kubwa ikija. Tuna Sachangwan ya Januari 2009, lori la mafuta lililowaka na zaidi ya watu 100 wakafa. Bwawa la Solai lililopasuka, Mei 2018. Ajali ya lori ya Londiani, Juni 2023. Pendekezo langu: kaunti ilete mshauri nasaha, awaketishe wote siku hiyo hiyo, kila mmoja aeleze alichokiona na alivyohisi, kwa lazima, ili asibaki mtu na donge moyoni.

#6 MlimaMenengai (Nakuru)

KandoYaNzoia, nia yako ni njema na wengi wanafikiri hivyo, lakini naomba tusilifanye kwa namna hiyo. Kikao cha aina hiyo kilienezwa na Jeffrey Mitchell kuanzia 1983, kwa wazima moto na wahudumu wa ambulensi. Kilipopimwa kwa majaribio, mapitio ya 2002 ya Cochrane (mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba) yalikuta kwamba kikao kimoja cha kumtaka mtu asimulie tukio mara baada ya kulipitia hakizuii msongo wa baada ya kiwewe, na kuna majaribio ambamo waliokipitia walikuwa na hali mbaya zaidi baadaye. Mapitio hayo yalisema wazi: watu wasilazimishwe. Mtu aliyeanza kutulia unamrudisha ndani ya tukio, tena mbele ya wakubwa wake.

Kinachofaa kina sehemu, na kila sehemu ina muda wake.

Kwanza, kimya. Muuguzi wa Marekani, Jonathan Bartels wa Virginia, alianzisha desturi ya kusimama kimya kitandani baada ya kifo. Mashine zinazimwa sauti, mmoja anasema maneno mawili matatu: huyu alikuwa mtu, alikuwa na wanaompenda, na sisi tumemfanyia tulivyoweza. Kisha kimya cha dakika moja bila sala ya dini yoyote kwa sauti, kila mtu na yake moyoni. Hospitali zetu zina Wakatoliki, Waislamu, waumini wa makanisa ya Roho na wasio na dini. Kimya hakimkwazi mtu.

Pili, mapitio ya kazi, dakika 5, mkiwa mmesimama hapo hapo kabla watu hawajatawanyika. Hapa hatuulizi hisia. Mwongozo uliotengenezwa Edinburgh una hatua nne: fupisha kisa, taja kilichokwenda vizuri, taja kinachoweza kuboreshwa, amua nani atafanya nini. Kinachoharibu mapitio haya nakijua na wengi mnakijua. Daktari bingwa anasema wa kwanza, wengine wote wananyamaza. Kwa hiyo aanze mwenye cheo cha chini kabisa. Au mapitio yanageuka mahakama. Kwa hiyo jina la mtu lisitajwe kwenye "kinachoweza kuboreshwa", vitajwe vifaa na hatua tu. Taa ya laringoskopu ilizima. Mashine ya kufyonza haikuvuta. Kitanda kilikosa ubao wa mgongo. Hayo yaandikwe kwenye daftari la ukarabati kabla ya zamu kuisha, na jina la atakayefuatilia. Hakuna kinachomvunja muuguzi moyo kama kumpoteza mgonjwa wa pili kwa taa ile ile.

Tatu, dakika 10 za kutoka. Anawe, abadilishe gauni, anywe maji au chai yenye sukari, asikae na simu. Anaporudi asipewe mwekundu wa kwanza anayeingia. Apewe triaji ya kijani au vidonda kwa saa moja hivi. Hapa ndipo msaada wa inchaji unaonekana au unakosekana.

Nne, ufuatiliaji. Tazama, sikiliza, unganisha, kama mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia unavyosema. Inchaji amtafute baada ya siku 3, kisha baada ya mwezi, ana kwa ana, kwa swali lililo wazi: "Unalala? Unakula? Chumba kile unaingia bila shida?" Siku za kwanza ndoto mbaya na kushtuka ni jambo la kawaida, mwili unafanya kazi yake. Zikipita wiki 4, au mtu akianza kukwepa chumba kile, kubadilishana zamu ili asikutane na watoto, kunywa ili alale, hapo apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili. Na hapo ndipo mshauri wako anapofaa: awepo, ajulikane jina na siku zake, mlango uwe wazi, mtu aende kwa hiari. Asiwe mtu anayeripoti kwa inchaji. Kwa asiyetaka kuonekana kwenye korido ya hospitali yake, Msalaba Mwekundu wa Kenya wana namba ya bure 1199.

#7 KandoYaNzoia (Bungoma)

Nimekuelewa, hasa hapo pa kutofautisha mapitio ya kazi na kusimulia hisia. Naondoa neno "lazima".

#8 NyarAhero (Kisumu)

Nirudi kwa jamaa za wagonjwa, maana huko ndiko matusi na ngumi hutoka.

Ugomvi wa kwanza na jamaa ni wa foleni. Baba amefika na mtoto saa 2, amepewa kijani. Kijana wa boda anafika saa 3 anaingizwa mbele yake. Kwake hiyo ni hongo. Kipimo cha Afrika Kusini kinachotumika vituo vingi kina muda: mwekundu mara moja, rangi ya machungwa ndani ya dakika 10, manjano ndani ya saa 1, kijani ndani ya saa 4. Bango la hayo liwe kubwa ukutani palipo na benchi, kwa Kiswahili na lugha ya mahali, Kisumu Kijaluo, Bungoma Kibukusu. Na anayepewa kijani aambiwe kwa mdomo: "Unaweza kusubiri kwa muda wa hadi saa 4. Akianza kutapika, kulegea au kupumua kwa shida, njoo kwangu hapo hapo, usisubiri." Mtu aliyepewa kazi ya kuangalia dalili huenda asitulie kikamilifu, lakini hasira zake hupungua.

Ugomvi wa pili ni wa pesa na usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali. Muuguzi anageuka sura ya keshia. Katiba, Ibara ya 43(2), inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kwa hiyo kwenye chumba cha wekundu na rangi ya machungwa neno malipo lisitoke kinywani mwa muuguzi kabisa. Karani ndiye aende kwa jamaa, na aende wakati mgonjwa ameshatulizwa.

Wakati wa ufufuaji awepo mtu mmoja wa kuzungumza na familia, awapelekee habari kila dakika 15 au 20 hata kama habari ni "bado tunaendelea". Jamaa wasiosikia kitu kwa saa nzima ndio huvunja mlango. Anapokwenda kutoa habari ya kifo asiende peke yake, akae karibu na mlango kuliko wao, asiwe na stethoskopu shingoni wala makasi mfukoni. Askari awe anaonekana, asiwe amesimama juu yao.

Akipigwa muuguzi, mpangilio ni huu: atoke eneo hilo, mwingine achukue wagonjwa wake, atibiwe na kuandikiwa faili kama mgonjwa yeyote, picha za majeraha, taarifa ya maandishi kwa inchaji siku hiyo hiyo, polisi, apate namba ya OB (daftari la matukio la polisi), kisha fomu ya P3 (ya polisi ya kuthibitisha majeraha) ijazwe. Inchaji aende naye kituoni, au amtume mtu. Kumwachia muuguzi aliyepigwa apange foleni ya OB peke yake ni kumpiga mara ya pili. Kwa Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 mwajiri anatakiwa kumjulisha Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 tangu apewe taarifa, kwa hiyo barua yako iwe na tarehe na nakala yenye mhuri ubaki nayo. Na kama mahali pa kazi wapo watu 20 au zaidi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini inataka iwepo kamati ya usalama. Ulizeni kamati yenu ni akina nani. Mlango wa nyuma usiofunguka ni ajenda ya kamati hiyo.

#9 ZamuNneNne (Eldoret)

Naongeza la kuchomwa na sindano iliyotumika, maana nalo ni msongo mkubwa usiosemwa. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue. Dawa za kinga dhidi ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, saa 2 za kwanza ndizo bora, na baada ya saa 72 hazina faida. Humezwa siku 28. Linaloharibika: tukio linatokea saa 7 usiku, dawa zimefungiwa CCC, kliniki ya wenye VVU, hadi asubuhi. Muuguzi anakesha akihesabu saa. Suluhisho ni dozi za kuanzia za siku 3 kwenye kabati la kazualti, ufunguo uwe kwa kiongozi wa zamu, tarehe za kuharibika zikaguliwe kila mwezi. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na usiku ule.

Kuhusu rota za usiku: mzunguko uende mbele, asubuhi, jioni, usiku, mwili unaufuata vizuri kuliko ukirudi nyuma. Usiku tatu mfululizo zinatosha. Kati ya zamu na zamu pawe na saa 11, kiwango kilichomo kwenye sheria ya kazi ya Ulaya. Mtu anayetoka saa 3 usiku na kurudi saa 1:30 asubuhi hakulala, alifumba macho. Saa 9 hadi 11 alfajiri ndipo umakini unapokuwa chini kabisa, basi dozi za watoto na damu za kuongezwa zihesabiwe na watu wawili saa hizo. Kulala kidogo kwa dakika 20 kabla ya saa 9 kunasaidia. Ukizidisha 30 unaamka mzito.

#10 SistaMpyaKK (Kakamega)

Asanteni sana, nimenakili zile sentensi tatu. Na kusindikiza mgonjwa wa rufaa? Hapo ndipo watu huanza kutegeana.

#11 MlimaMenengai (Nakuru)

Wanategeana kwa sababu jina linatafutwa ambulensi ikiwa imeshawaka. Litajwe mwanzoni mwa zamu: "Leo wa kusindikiza ni fulani, akitoka nafasi yake inashikwa na fulani." Orodha izunguke na iwekewe alama, kila mtu aone nani ametoka mara ngapi mwezi huu. Vivyo hivyo chumba cha wekundu. Minong'ono ya "mtu wa inchaji" huisha alama zikiwa ubaoni.

Hofu ya anayesindikiza mara nyingi ni oksijeni, na ni hofu ya haki. Mtungi wa ukubwa wa E ukijaa una lita zipatazo 680. Kwa lita 10 kwa dakika ni dakika 68. Kisumu hadi Eldoret ni kilomita zipatazo 120, weka saa 3 kwa ajili ya malori: dakika 180 mara 10 ni lita 1,800, mitungi mitatu, na wa nne wa akiba. Mtungi ambao geji inaonyesha nusu ni dakika 34 tu. Hesabu hiyo ifanywe kwa karatasi kabla ya kutoka, na anayesindikiza awe na haki ya kusema "hatutoki" mitungi ikipungua, na inchaji amuunge mkono kwa simu mbele ya dereva na daktari.

Kuna jambo moja sijaliona likitajwa. Kuanzia 2020 waliajiriwa wauguzi wa mkataba wa UHC, mpango wa afya kwa wote, waliofanya zamu moja na wa kudumu kwa mshahara tofauti. Palipo na tofauti ya namna hiyo, inchaji hawezi kuubadilisha mshahara, hilo linadaiwa na chama kwa serikali. Anachoweza ni kuhakikisha mikataba haionekani kwenye rota: Krismasi, Pasaka, usiku wa wikendi na nafasi za mafunzo zigawanywe sawa. Mtu anayelipwa kidogo akipewa na zamu mbaya, usimwulize kwa nini amekuwa baridi.

#12 KandoYaNzoia (Bungoma)

Swali la mwisho kutoka kwangu. Haya yote ni mazuri mkiwa sita. Hospitali ndogo ya kaunti ndogo, usiku, wauguzi wawili. Mtoto amefariki. Nani atampa mwenzake dakika 10 za kutoka?

#13 NyarAhero (Kisumu)

Supavaiza wa usiku. Ni muuguzi mwenye leseni, na kusimama triaji dakika 10 hakuhitaji ruhusa ya mtu. Jambo hili liandikwe kwenye majukumu yake, lisiwe hisani: kukitokea kifo cha mtoto, cha mjamzito au cha mfanyakazi mwenzetu, kazualti inapiga simu moja, inasema "tunahitaji dakika 10", na yeye anashuka bila kuuliza sababu. Akifika, wa kwanza anatoka, akirudi wa pili anatoka. Wakati huo wapokelewe wekundu na machungwa tu. Manjano na kijani waambiwe wazi kwamba wanasubiri dakika 20. Kama hospitali haina supavaiza usiku, muuguzi wa wodi ya uzazi au ya watoto aliye karibu atajwe kwa jina kwenye rota ya usiku huo kuwa ndiye wa kushuka, na yeye ajue kabla zamu haijaanza.

Sababu ya kuweka maneno mawili matatu yaliyokubaliwa ni kwamba muuguzi aliyetoka kumfunika mtoto shuka hawezi kuanza kujieleza kwenye simu. Akilazimika kueleza, hatapiga.